Kilo moja ya mbegu za paini: uchambuzi wa kisa kutoka ukanda wa Ziwa Victoria

Majina ya kikundi, kijiji na watu yameondolewa. Kisa kimeandikwa kwa ajili ya vikundi vya upandaji miti, maafisa ugani na yeyote anayetaka kuotesha paini kwa mbegu mahali ambapo mti huo haujawahi kuota.

## Usuli

Kikundi kina wanachama ishirini na ushee, upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza. Wengi ni wachuuzi wa dagaa, wachache wana mitumbwi yao. Samaki walipopungua wakaanza kutafuta mradi wa muda mrefu, na wazo la mbao lilitoka kwa mwanachama ambaye ni fundi ujenzi. Mbao nyingi za kupaulia anazonunua mjini zimesafiri kwa lori kutoka Mafinga, mkoani Iringa, na nauli ya lori analipa yeye. Akauliza kikaoni: kwa nini zisitoke hapa hapa?

Swali lilikuwa la haki. Serikali ina mashamba ya paini kanda hii kwa miaka mingi: Buhindi upande wa Buchosa, Rubya kisiwani Ukerewe, Rubare karibu na Bukoba. Kwamba paini inaweza kuota kando ya ziwa hakukuwa na ubishi.

Ardhi walikuwa nayo: ekari nane za mteremko kati ya yale mawe makubwa ya Usukuma, zilizokuwa zimelimwa mihogo hadi zikachoka. Juu ni luseni, udongo wa kichanga uliopauka, na chini kabisa ni mbuga nyeusi inayotuama maji. Waliamua mbuga isiguswe, kwa sababu wazee walijua kwamba mti ukikaa ndani ya maji masika nzima unaoza mizizi. Uamuzi huo haukuwahi kuhitaji kurekebishwa.

Kitalu alikabidhiwa mama mmoja mwenye sifa kijijini. Miche yake ya mipapai, michungwa na nyanya ilikuwa inanunuliwa mpaka kata za jirani. Hili lazima msomaji alishike, kwa kuwa karibu kila alichokifanya kwenye paini kingekuwa sahihi kabisa kwa nyanya.

## Yaliyotokea, kwa mfuatano

Mwezi Februari mwanachama aliyekuwa na ndugu Mufindi aliagiza kilo moja ya mbegu. Ilikuja na basi, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, bila lebo. Hakuna aliyeuliza ni paini ya aina gani. Kwao paini ilikuwa paini, kama mhogo ni mhogo, na bei ilikuwa nzuri. Mfuko ukawekwa kwenye duka la mwenyekiti, juu ya rafu chini ya bati, kusubiri msimu wa kusia. Ukakaa hapo miezi minne ya joto.

Mwanzoni mwa Juni mbegu zilisiwa kwenye tuta refu ufukoni, karibu na maji ili kazi ya kumwagilia iwe nyepesi. Udongo wa tuta ulitoka kwenye kichuguu, ukachanganywa na samadi ya ng'ombe ambayo bado ilikuwa na harufu, na juu yake yakanyunyizwa majivu ya kufukuza sisimizi. Mbegu zilifukiwa kina cha kidole kizima kilicholazwa. Maji yalimwagwa asubuhi, mchana na jioni, kwa ndoo.

Baada ya wiki tatu tuta lilikuwa na vipara. Palipoota, miche ilitoka na ganda la mbegu kichwani kama kawaida ya paini, na ndege wakagundua. Walikuwa wakishuka alfajiri na kukata kichwa kizima pamoja na ganda. Iliyonusurika ikaanza kulala: leo mche umesimama, kesho shingo yake pale inapogusana na udongo imekuwa nyembamba, ya kahawia, na mche umeanguka ungali wa kijani. Mama wa kitalu alikitambua kinyausi mara moja, maana anakiona kwenye nyanya kila mwaka. Akapulizia dawa ya ukungu aliyokuwa nayo. Kasi ilipungua, lakini ugonjwa haukukoma.

Hata hivyo, kilo ni kilo. Ilibaki miche zaidi ya elfu tano, ikahamishiwa kwenye viriba, yaani vifuko vya nailoni vya kukuzia miche, vilivyojazwa udongo ule ule. Hapo ndipo tatizo la tatu lilipojitokeza, na ndilo lililowachanganya zaidi, kwa sababu halikuua. Miche ilisimama tu. Mwezi mzima haikuongezeka hata kidogo. Sindano zikawa njano, kisha ncha zikageuka zambarau. Wakaweka urea kidogo, haikusaidia. Wakaongeza, na safu nzima ikaungua.

Katibu alimpigia bwana miti wa wilaya, ambaye alikuwa na kata nyingi kuliko mafuta ya pikipiki. Yeye ndiye aliyewaelekeza kwa mzee mmoja aliyestaafu kutoka shamba la miti la serikali, aliyefanya kazi kitaluni maisha yake yote. Mzee alikuja, akakataa kiti, akaenda moja kwa moja kwenye viriba. Aling'oa mche mmoja, akausuuza kwenye ndoo na kuitandaza mizizi kwenye kiganja.

"Mama, udongo huu umeutoa wapi?"

"Kichuguuni, mzee wangu. Nyanya zangu zote naziotesha humo."

"Kuna ndimu hapa?"

Ililetwa. Akachukua bonge kavu la udongo, akalikamulia ndimu. Likatoa mapovu.

"Una chokaa huu. Nyanya inavumilia, paini haiwezi." Kisha akawaonyesha mizizi. Ilikuwa mirefu, ya kahawia, imenyooka, haina kitu. Alisema mche wa paini wenye afya una vijizizi vifupi vyenye ncha butu, vyeupe, vilivyogawanyika panda, na katikati ya udongo unaona nyuzi nyeupe kama za ukungu. "Udongo huu haujawahi kuona paini. Ninyi mnaipa mbolea, wakati haina mdomo wa kulia."

Kabla hajaondoka aliuliza mbegu zilitoka wapi. Alipoambiwa Mufindi, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hiyo ni patula. Hiyo ni paini ya baridi."

## Maamuzi, na kwa nini

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu, nami nilikuwepo kama mgeni mwalikwa. Kulikuwa na mambo matatu mezani.

La kwanza lilikuwa kama waitupe miche au waitibu. Waliamua kutibu, kwa sababu gharama yake ilikuwa ndogo: safari moja ya boti na magunia machache. Waliomba kibali kwenye shamba la paini zilizokomaa, wakaenda na mzee kuchagua mahali penye miti yenye afya, wakafagia sindano kavu na kuchota udongo wa juu wenye zile nyuzi nyeupe, wa kina cha kiganja hivi. Magunia yalifunikwa majani mabichi yasipate jua njiani, na udongo ukatumika siku ya pili yake. Kila kiriba kilipunguzwa udongo wa juu na kupewa konzi moja ya udongo wa msituni.

La pili: aina ya mti. Hapa mwenyekiti alipinga, na hoja yake haikuwa dhaifu. Miche ipo, mvua zinakuja, mbegu mpya ni pesa mpya. Mzee alijibu kwa mwinuko wa nchi. Patula asili yake ni milima ya Mexico, na imestawi Sao Hill, shamba la miti la serikali huko Mufindi, kwa sababu kule ni nyanda za juu zenye ubaridi, kati ya mita 1,700 na 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko kwenye mita 1,134, na mteremko wao hauzidi hapo kwa kiasi kikubwa. Karibea, paini ya nchi tambarare za Amerika ya Kati, ndiyo inayovumilia joto na udongo wa kichanga. Wakakubaliana: patula ijaribiwe ekari moja tu, zilizobaki saba zisubiri karibea, hata kama maana yake ni kukosa msimu mmoja wa mvua.

La tatu ndilo lililowagawa. Miche ya patula iliyozidi ingekuwa maelfu, na mweka hazina alitaka iuzwe kwa majirani ili fedha za mbegu zirudi. Wengine wakasema hawawezi kumuuzia jirani kitu ambacho wao wenyewe wamekikataa. Kura ilipopigwa walishinda wa pili. Lakini ilibainika kwamba siku chache kabla ya kikao miche kadhaa ilikuwa imekwisha kuuzwa, kwa watu watatu, bila neno lolote kuhusu aina.

Kitalu nacho kilihamishwa. Hili halikutokana na ugonjwa: bwana miti, alipofika hatimaye, aliwakumbusha kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wakasogea juu kidogo, wakalalamikia umbali wa kubeba maji, na kumbe umbali huo ukawasaidia, kama itakavyoonekana.

## Awamu ya pili

Mbegu za karibea ziliagizwa kutoka huduma ya mbegu ya Wakala wa Huduma za Misitu. Zilikuja na lebo: jina la mti, chanzo, mwaka wa kukusanywa, kiwango cha uotaji. Waliagiza gramu 150. Mweka hazina alishtuka alipoona kipakiti kilivyo kidogo, mpaka wakakaa chini na kupiga hesabu. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja inachukua miche 450 hivi, kwa hiyo ekari saba ni miche 3,150, na ya kujazia mapengo juu yake. Kilo ya mbegu za karibea ina mbegu takriban 60,000, hivyo gramu 150 ni kama 9,000. Inatosha na kubaki.

Kipakiti hakikuwekwa chini ya bati. Kilikaa kwenye friji ya muuza soda, ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, kwa makubaliano kwamba muuza soda atapewa miche kumi.

Kabla ya kusia, mbegu mia moja zililazwa juu ya kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani iliyofunikwa. Kila iliyoota ilihesabiwa na kuondolewa. Katika wiki tatu zilitoka sabini na kitu. Jaribio hilo halikugharimu chochote, na likawapa namba ya kupanga nayo.

Tuta la kusia sasa lilikuwa mchanga mtupu. Mchanga wa ufukoni ulikataliwa kwa sababu una vipande vya makombe ya konokono, na makombe ni chokaa ile ile iliyokimbiwa. Walichota mchanga wa chini ya mawe, wakaukaanga juu ya bati kuukuu kuua vijidudu, wakaupoza. Mbegu zililowekwa usiku kucha kwenye maji ya baridi, zilizoelea na kubaki zinaelea asubuhi zikaondolewa, nyingine zikasiwa na kufunikwa mchanga wa nusu sentimita tu. Samadi na majivu havikuonekana.

Kwa ndege hawakununua kitu. Mwanachama mmoja alileta nyavu chakavu za dagaa, zikatandazwa juu ya fito zilizopindwa. Macho ya wavu wa dagaa ni madogo kiasi kwamba hata panya hapiti, na unakinga kidogo jua kali la saa saba. Sijaona kifaa cha kitalu kinachofaa kuliko hicho kwa bei ya bure.

Maji yalimwagwa mara moja, asubuhi, kwa keni yenye matundu madogo. Mama wa kitalu alikiri kwamba mara moja haikutokana na ushauri pekee: kupanda na ndoo toka ziwani mara tatu kulikuwa kazi ya punda. Uso wa mchanga ukawa unakauka kufikia mchana, na kinyausi kilichukua miche michache pembezoni kikaishia hapo.

Miche ilihamishiwa kwenye viriba mapema, ingali imevaa ganda kichwani au imelivua karibuni, kabla mzizi haujarefuka na kujipinda. Udongo wa viriba ulikuwa luseni, na sehemu moja kati ya tano ikawa udongo wa chini ya paini. Baadaye viriba viliinuliwa kila baada ya wiki kadhaa na mizizi iliyotokeza chini kukatwa. Mwezi wa mwisho maji yalipunguzwa na nyavu kuondolewa ili miche ikomae.

## Matokeo

Patula zilizotibiwa zilianza kurudi baada ya wiki sita hivi. Ukijani ulianzia kwenye kitovu cha mche, sindano mpya zikatoka zikiwa na rangi huku zile za zamani zimebaki njano. Si zote: takriban theluthi hazikuamka. Zilizoamka zilipandwa ekari moja mwezi Machi. Kiangazi cha kwanza, kuanzia Juni hadi Septemba, kiliua karibu nusu. Zilizobaki zipo, ila zina vichaka vya matawi chini na hazina shina la kusifia.

Karibea zilipandwa Novemba na Desemba, baada ya mvua kulowanisha udongo zaidi ya kiganja na nusu. Miaka mitatu baadaye, nyingi zimefika mara mbili ya kimo cha mtu mzima. Kuna mapengo ya aina mbili. Safu ya pembeni iliungua moto wa jirani aliyekuwa akisafisha shamba uliporuka barabara ya moto, ule mkanda unaosafishwa kuzuia moto, mahali palipokuwa hapajapaliliwa. Pengo la pili liko katikati, mistari kama minne, ambapo miti ilikufa mmoja mmoja. Walipoing'oa, ikatoka na viriba vyake. Vibarua walikuwa wamelipwa kwa idadi ya mashimo, na kuchana kiriba kunapoteza sekunde kadhaa.

Baadhi ya karibea zimetoa kilele kirefu cha zaidi ya mita mbili kisicho na tawi hata moja. Wanachama walidhani ni ugonjwa. Ni tabia inayojulikana ya karibea, hutokea sana inapopandwa mahali pasipo kwao, na miti hiyo hupunguzwa kwanza wakati wa kupunguza msitu, kwa kuwa huvunjika na upepo.

## Uchambuzi

Ukiwauliza wanachama, watakwambia tatizo lilikuwa kukosekana kwa kuvu wa mizizi, zile nyuzi nyeupe zinazousaidia mche wa paini kula, kwa sababu uponyaji wake ulionekana kwa macho. Ni kweli kwamba paini si mti wa asili wa nchi zetu hizi. Afrika yenyewe ina paini za asili kaskazini tu, huko Morocco, Algeria na Tunisia, na majaribio mengi ya mwanzo ya kuzipanda kusini ya Sahara yalikwama mpaka udongo wenye kuvu ulipoletwa. Lakini kukosa kuvu kulikuwa kosa rahisi kurekebisha. Konzi moja ya udongo, na mambo yakaenda.

Kosa lililowagharimu zaidi, kwa maoni yangu, ni ile kilo. Kilo ya patula ina mbegu zaidi ya laki moja. Ekari nane zinahitaji miche isiyofika 4,000. Walikuwa na mbegu zaidi ya mara ishirini na tano ya mahitaji, na wingi huo uliwaficha kila kitu. Uotaji mbovu haukuwauma kwa kuwa bado kulikuwa na miche. Ndege hawakuwauma. Kinyausi hakikuwauma. Kila hasara ilifidiwa na rundo, hivyo hakuna aliyesimama kuuliza sababu yake, na walifika kwenye viriba wakiwa na udongo ule ule ulioua maelfu. Kama wangeanza na gramu mia moja, wangepiga simu wiki ya tatu.

Na bei ya kilo isiyo na lebo ingenunua mbegu za karibea zenye lebo za kutosha shamba zima. Walilipia uzito.

Mama wa kitalu amelaumiwa kuliko anavyostahili. Kichuguu, samadi, majivu, maji mara tatu: ni elimu ya kweli, ila ni ya mimea mingine. Kasoro ilikuwa ya kikundi kumkabidhi mti mgeni bila kumtafutia mtu wa kumweleza tofauti, wakati mzee mstaafu alikuwa anaishi mwendo wa saa moja kwa bodaboda. Mbegu ilitafutwa mikoa mitatu mbali, ujuzi haukutafutwa hata kata ya pili.

Kilichofanya kazi vizuri, mbali na nyavu za dagaa, ni kukubali kukosa msimu mmoja. Vikundi vingi ninavyovijua vingepanda patula ekari zote nane kwa sababu mvua zimefika na miche ipo. Mwenyekiti, aliyepinga siku ile, sasa huwapeleka wageni kwanza kwenye ile ekari moja, kisha ndipo awavushe upande wa pili.

Malipo ya vibarua yamebadilishwa: wanalipwa baada ya kuonyesha kiriba kitupu kwa kila shimo. Viriba pia havitupwi tena shambani.

Kuna mpango ninaotofautiana nao. Katibu anataka baadaye wakusanye koni, yale matunda makavu yanayobeba mbegu, kutoka kwenye miti yao na kuuza mbegu. Karibea iliyo karibu na ikweta kwenye nchi za chini hutoa mbegu chache zilizojaa. Koni unazipata, ukizipasua unakuta mbegu nyingi ni ganda tupu. Nimewashauri wapasue koni kadhaa kwa wembe kabla ya kumwahidi mtu yeyote mbegu, na kwa sasa wahesabu kwamba kila awamu watanunua.

Ama wale majirani watatu walionunua patula, kikundi kiliwafuata na kuwaeleza. Wawili walipewa karibea bila malipo kutoka kwenye ile ya kujazia. Wa tatu alikuwa amekwisha kulima juu ya miche na kupanda mihogo, akataka fedha yake, akalipwa kutoka mfuko wa mweka hazina mwenyewe.